Kutwa Mara Moja: Mapitio ya Wimbo wa Kwanza wa Connie Smith

Hakuna maneno ninayoyaandika mara nyingi kuliko "kutwa mara". Ninahudumu katika duka la dawa hapa Igoma, Mwanza, kando ya barabara iendayo Musoma, na juu ya kila bahasha ya vidonge inayotoka mikononi mwangu huandika idadi ya vidonge, alama ya kuzidisha, kisha idadi ya nyakati: kutwa mara tatu, kutwa mara mbili, na kwa wagonjwa wa presha wanaomeza kidonge kimoja kila siku, kutwa mara moja. Nimeandika hivyo kwa miaka mingi bila kulitazama neno lenyewe. Aliyenifanya nilitazame ni Connie Smith, mwimbaji wa Kimarekani wa muziki wa kantri, ambaye Julai 1964, akiwa na umri wa miaka 22, aliingia studio akarekodi wimbo wake wa kwanza uitwao Once a Day. Tafsiri yake ya dukani kwangu ni hiyohiyo: kutwa mara moja.

Wimbo unaanza kwa kutangaza nafuu. Mpenzi wa mwimbaji amempata mwingine, naye alidhani hatamsahau kamwe, lakini siku zimepita na maumivu yamepungua, hata sasa anaumia mara moja tu kwa siku. Msikilizaji anakaribia kumpongeza, kama ninavyompongeza mgonjwa anayerudi na cheti kipya kilichopunguziwa dozi. Kiitikio ndicho kinachoifungua bahasha. Hiyo mara moja huanza asubuhi na kuendelea mchana wote bila kukatika, na usiku nao una mara yake moja, inayoanza giza linapoingia na kwisha kunapopambazuka. Mtunzi, kwa Kiingereza, alilazimika kulitamka jambo hilo kwa vipande viwili, kwanza hesabu, kisha urefu wa kile kilichohesabiwa. Kiswahili kinavyo vyote viwili ndani ya neno moja, kwa kuwa kutwa ni kipimo cha nyakati tunachokiandika kwenye dawa na papo hapo ni siku yenyewe tangu macheo hadi machweo, kama anavyojua mwanafunzi wa shule ya kutwa, au mama anayelalamika kwamba mwanawe ameshinda kutwa ziwani. Na tukiongeza usiku tunasema kutwa kucha, jambo ambalo ndilo hasa analoliimba Connie Smith. Sijapata kuukuta wimbo mwingine wa kigeni ambao fumbo lake linakaa katika lugha yetu kwa utulivu kiasi hicho, kana kwamba lilitungiwa huku.

Nililipata jambo hili kwa njia ya kosa. Desemba moja nilimpelekea flashi kijana mmoja wa kujaza nyimbo katika mitaa ya Makoroboi, nikamlipa Sh. 3,000 na kumwomba anijazie Jim Reeves, mwimbaji mwingine wa kantri wa Kimarekani, kwa sababu katika nyumba nyingi za kanda hii Krismasi haijafika mpaka sauti ya Jim Reeves isikike sebuleni. Alinijazia nyimbo nyingi kuliko nilivyotarajia, zote zikiwa na jina la Jim Reeves na namba. Niliichomeka flashi kwenye spika ya dukani, nikaendelea na kazi, na ilipofika namba 47 ikatoka sauti ya mwanamke, kali, safi, iliyojaa kifua, nikasimama na kijiko cha kuhesabia vidonge mkononi. Nakala yenyewe ilikuwa mbovu. Ilikuwa imekatwa sekunde kadhaa kabla ya mwisho, na milio ya juu ilikuwa inakwaruza kama redio iliyopoteza stesheni, na niliporudi kulalamika niliambiwa kwamba nyimbo zote za zamani ziko hivyo. Haziko hivyo. Nilitumia bando langu kuitafuta nakala iliyotolewa na kampuni ya rekodi yenyewe, na tofauti ilikuwa kama ya kioo kilichofutwa vumbi. Anayetaka kuuhukumu wimbo huu kwa haki asiusikilize kwenye flashi ya mtaani.

Hata hivyo kosa la kijana yule lilikuwa na ukweli wake ndani. Connie Smith na Jim Reeves walikuwa chini ya kampuni moja, RCA Victor, katika jiji moja, Nashville, jimbo la Tennessee, ambako shughuli za kampuni hiyo ziliongozwa na mpiga gitaa Chet Atkins. Connie alirekodi wimbo huu tarehe 16 Julai 1964. Siku 15 baadaye, tarehe 31 Julai, ndege ndogo aliyokuwa akiirusha Jim Reeves mwenyewe ilianguka karibu na Nashville katika dhoruba, akafa. Kwa hiyo mwezi uleule uliomnyamazisha mzee wa Krismasi zetu ndio uliomfungulia kinywa binti huyu. Lakini wao wawili hawaimbi kwa namna moja, na wala hawakutakiwa kuimba hivyo. Sauti iliyoipa Nashville ya miaka ile jina, ambayo Atkins alikuwa mmoja wa walioijenga, ilikuwa laini: fidla za kijijini ziliondolewa au kupunguzwa, zikaletwa fidla za okestra na waitikiaji wengi, na mwimbaji akasogezwa karibu na kipaza sauti mpaka akawa kama anayekuambia siri. Jim Reeves ndiye bwana wa namna hiyo. Connie anaimba kama mtu anayemwita mwenzake aliye upande wa pili wa ghuba.

Historia yake fupi inafaa kusimuliwa, kwa sababu inaeleza ni kwa nini wimbo wa kwanza haukusikika kama kazi ya mwanagenzi. Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1941 huko Elkhart, jimbo la Indiana, akakulia katika familia kubwa na ya kimaskini huko West Virginia na Ohio. Akiwa msichana aliumizwa vibaya mguu na mashine ya kukatia majani, na alipolazwa hospitali alipewa gitaa, akajifunza kulipiga akiwa kitandani. Ninapenda habari hiyo kuliko nyingine zote zinazomhusu. Sisi wa kazi hii huwapa wagonjwa vitu vingi, lakini gitaa halimo kwenye orodha. Agosti 1963, akiwa mke wa nyumbani mwenye mtoto mchanga, aliingia shindano la vipaji karibu na Columbus, Ohio, akashinda, na siku hiyo alikuwapo mwimbaji na mtunzi Bill Anderson, ambaye baadaye alimwita Nashville na kumsaidia kupata mkataba na RCA Victor mwaka 1964. Wimbo huu ni utunzi wa Anderson. Yeye mwenyewe anajulikana kwa kuimba kwa sauti ya chini mpaka akapewa jina la utani la mnong'onaji, na nikifikiri jinsi maneno haya yangesikika yakinong'onwa, nashukuru kwamba aliyatoa kwa mtu mwingine. Yakinong'onwa yangekuwa ombi la kuhurumiwa. Yakiimbwa kwa kifua kipana yanakuwa ubishi, na ubishi ndio unaoufanya wimbo uume.

Mpinzani wake katika ubishi huo ni gitaa la chuma. Kwa asiyelifahamu, hili ni gitaa linalolazwa kwenye meza yake kama mtu anayefanyiwa upasuaji. Mpigaji hukaa nyuma yake, akakwanyua nyuzi kwa vidole vya mkono wa kulia, huku mkono wa kushoto ukitelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi hizo na miguu ikikanyaga pedali zinazobadilisha sauti ya uzi wakati bado unalia. Ndiyo maana noti zake haziruki kutoka moja hadi nyingine kama za gitaa la solo katika muziki wetu wa dansi, bali huteleza, hupanda na kushuka bila ngazi. Katika rekodi hii linapigwa na Weldon Myrick, na mtayarishaji Bob Ferguson alifanya uamuzi ambao kwa studio ile na miaka ile ulikuwa wa ujasiri: badala ya kulificha nyuma ya okestra, alilileta mbele kabisa, likang'aa kama bati jipya. Linaufungua wimbo kabla mwimbaji hajafungua kinywa, na kila anapomaliza mstari linamjibu. Wapenzi wa taarabu wataujua mtindo huo mara moja, kwa kuwa fidla ya taarabu nayo hufanya hivyo, ikikamata maneno ya mwisho ya mwimbaji na kuyapinda kidogo. Ila hapa kuna hila. Connie anasema amepata nafuu, na gitaa la chuma, ambalo halina maneno ya kudanganyia, linalia. Nimesikiliza mara nyingi nikifuata ala hiyo peke yake, nikiziba sikio kwa maneno, na nimeona kwamba linaijua siri kabla ya kiitikio kufika.

Ubeti wa pili ndio uliogawa maoni yangu. Mwimbaji anashukuru kwamba hayuko kama msichana mmoja aliyewahi kumjua, aliyeachwa na mpenzi wake, akakaa akilia mpaka akili ikamtoka. Yeye ni mwenye bahati, analia mara moja tu kwa siku. Mwanzoni niliona ubeti huu una ukatili mdogo, wa kumtumia mgonjwa mwingine kama kipimo cha afya yako. Hujitokeza hata kwenye foleni ya dawa, ambapo mtu hujifariji kwa kutazama cheti cha jirani. Baada ya kusikiliza tena nilianza kushuku kwamba huyo msichana hayupo. Hakutajwa jina, hakutajwa mji, na dalili zake ni zilezile za mwimbaji, ila zimesogezwa kwa mtu mwingine ili ziweze kusemwa. Kila mhudumu wa afya amewahi kusikia sentensi inayoanza na "kuna rafiki yangu mmoja ana tatizo fulani", akaelewa papo hapo nani ni rafiki. Kama dhana yangu ni sahihi, basi huu ndio ubeti bora kabisa wa wimbo. Kama si sahihi, bado ni mzuri, ingawa umeingia haraka mno na kuondoka kabla haujatulia.

Na mwanamume mwenyewe? Mwanzoni ametajwa kuwa amempata mwingine, kiitikio kinatamani asingeondoka, na kwa upande wake hakuna lolote: hajui, haulizi, hageuki nyuma. Hapa ndipo wimbo unapoachana na nyimbo nyingi tunazozisikia kwenye daladala za Nyegezi na Buzuruga, ambamo aliyepuuzwa humhesabia gharama aliyempuuza, humtakia mabaya au humwahidi kwamba atajuta. Sizibezi nyimbo hizo. Nyingine huzicheza dukani, na wateja huzipenda. Lakini zote hudhani kwamba upande wa pili kuna mtu anayesikiliza. Pendo lililopuuzwa kwelikweli halina msikilizaji, na Anderson alilielewa hilo alipomwachia mwanamke huyu kazi moja tu ya kufanya, ambayo ni kuhesabu. Anahesabu kwa unadhifu wa mtunza stoo, na hesabu yake inakubali, kwa sababu mara moja ni mara moja hata ikiwa na urefu wa siku nzima.

Kuhusu mafanikio yake sitachukua nafasi kubwa, ingawa ni makubwa. Wimbo ulitolewa Agosti 1964, na kufikia mwishoni mwa Novemba ulikuwa namba 1 katika chati ya kantri ya jarida la Billboard, wakati ambapo nchi yetu ilikuwa na mwezi mmoja tu tangu ianze kuitwa Tanzania. Ulikaa hapo kwa majuma 8, na Connie akawa mwimbaji wa kwanza wa kike wa kantri ambaye wimbo wake wa kwanza kabisa ulifika namba 1. Hakuna mwanamke aliyeimba peke yake aliyekaa kileleni mwa chati hiyo kwa muda mrefu zaidi hadi mwaka 2012, alipofika Taylor Swift, baada ya Billboard kubadilisha namna ya kuhesabu. Mwaka huohuo wa 2012 Connie Smith aliingizwa katika Country Music Hall of Fame, jumba la heshima la muziki wa kantri. Kwa wimbo usiofika dakika 2 na nusu, hayo ni malipo mema.

Ufupi huo ndio lalamiko langu la kwanza. Naelewa kwamba santuri za siku zile zilitakiwa kuwa fupi ili redio zizipende, lakini wimbo unaosema kwamba mara moja ni ndefu kama siku ulistahili kukaa kidogo, walau gitaa la chuma lipewe mzunguko mmoja zaidi wa peke yake. La pili ni zito zaidi. Mwendo wake ni wa kuchezeka, besi inatembea kwa furaha, na mpangilio mzima unapendeza kiasi kwamba mtu asiyefuatilia maneno anaweza kuumaliza akitabasamu, akidhani amesikia habari njema. Watetezi watasema kwamba hiyo ndiyo shabaha yenyewe, na sitabishana nao sana. Ila nimeona wateja wangu wakitikisa kichwa kwa raha mahali ambapo mwimbaji anazama, na sidhani kwamba wote ni wazembe wa kusikiliza. Mtunga fumbo hapaswi kulifunika mpaka lisionekane hata ncha. La tatu ni dogo, nalitaja kwa sababu linanisumbua: maneno ya kiitikio yanarudiwa bila kubadilika hata kidogo mara ya mwisho, wakati baada ya ubeti wa yule msichana tulikuwa tayari kuambiwa jambo jipya.

Pamoja na hayo, sijapata kuona wimbo uliompata msikilizaji wake kwa usahihi kama ulivyompata shangazi yangu. Yeye anaishi Ukerewe, na kila mwezi hupanda meli ya Nansio, safari ya karibu saa tatu, kuja kupimwa na kuchukua dawa zake za presha. Miaka mingi iliyopita mumewe alikwenda kambi ya dagaa katika kisiwa kingine kwa msimu mmoja tu, akaoa hukohuko, na tangu hapo habari zake zimekuwa zikifika kwa watu wengine. Shangazi halizungumzi jambo hilo, nasi hatumuulizi. Siku hiyo alifika na kapu lake, nikamwamkia, "Shikamoo shangazi," akaniitikia, "Marahaba baba, hamjambo hapa?" na kukaa kwenye benchi huku nikitafuta cheti chake. Wimbo ulikuwa unacheza kwenye spika. Aliniuliza yule mwanamke anasema nini, kwa kuwa sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye jambo.

Nilimweleza kama nilivyoeleza hapo juu, kwa ufupi zaidi, mkono wangu ukiwa juu ya bahasha yake. Nilimwambia kwamba ameachwa, anadai amepona, anamkumbuka huyo bwana kutwa mara moja tu. Shangazi alicheka kabla sijafika kwenye kiitikio. "Kutwa mara moja," alisema, "na hiyo kutwa yenyewe ina mwisho?" Bill Anderson alihitaji ubeti mzima kufika hapo.

Kisha akanyamaza, akageuza uso kuelekea barabarani ambako malori ya Kisesa yalikuwa yakipita, na baada ya muda akaniambia kwamba huyo mwenzake angekuwa mke wa mvuvi asingehesabu kwa siku. Wavuvi wa dagaa hutegemea giza, kwa sababu taa zao haziwavuti dagaa usiku wenye mwezi mkubwa. Ukifika msimu wa mbalamwezi kila mwezi, mitumbwi hupumzika na wanaume hurudi nyumbani. "Mimi ni kila mbalamwezi, baba," alisema. "Nafagia uwanja, nasonga ugali wa ziada kidogo, basi. Siku nyingine sina habari naye." Alisema hivyo kwa uso wa mtu anayetaja bei ya mchele, na nisingeushuku utulivu wake kama nisingekuwa nimeshausikia wimbo ule mara nyingi.

Aliuliza kama yule bwana wa kwenye wimbo alirudi. Nilimjibu kwamba wimbo hausemi popote kuwa alirudi. Aliagiza nirudie tangu mwanzo, nikarudia, naye akasikiliza akiwa amefumba macho mpaka gitaa la chuma lilipokoma. Nilimwekea wimbo huo kwenye memori kadi ya simu yake, nakala kamili isiyokatwa, nikiuandika jina la Connie Smith na si la Jim Reeves, na juu ya bahasha ya vidonge vyake nikaandika kama kawaida, 1 x 1.